Saizi ya Wifi Generoza

Jumatatu ni siku ya gulio hapa Mbuba. Siku hiyo sipati nafasi hata ya kunywa chai. Mimi ni fundi cherehani, na kibaraza changu kiko kando ya barabara. Watu wanapita na ndizi, maharage, kuku na mbuzi. Mmoja anataka nimpunguzie suruali. Mwingine zipu imemkatikia. Wote wanataka sasa hivi.

Jumatatu hiyo nilikuwa naweka zipu kwenye sketi ya shule. Pikipiki ya Bulugu ikasimama mbele yangu. Bulugu ndiye anayepeleka vifurushi stendi ya Ngara na kuvichukua vinaporudi. Ni Msukuma, alihamia kwetu kutoka Biharamulo.

"Shikamoo, mama fundi."

"Marahaba, Bulugu. Huo mzigo ni wa nani tena?"

"Wa wifi yako," alisema. "Umeludi."

Nilitupa mkasi mezani. Hicho kilikuwa kifurushi cha pili kurudi ndani ya wiki tatu. Kilikwenda Mwanza kikiwa na koti. Sasa koti lilikuwa limerudi Mbuba, na aliyelinunua alikuwa amekasirika. Bulugu akavuka barabara, akaacha kifurushi hicho kwa wifi, akachukua kingine, akaondoka.

Wifi yangu anaitwa Clotilda. Ni mke wa kaka yangu Wiston. Anauza mitumba. Kwa miaka tisa aliuza gulioni, na sitamnyima sifa yake: alikuwa hodari. Hakuwahi kumpima mtu hata siku moja. Alikutazama mara moja tu, akaingiza mkono kwenye rundo, akatoa gauni, na gauni likakukaa. Mume akija kumnunulia mke aliyebaki nyumbani, Clotilda alimuuliza, "Mkeo yuko kama nani?"

"Kama mke wa mchungaji, ila mfupi kidogo."

Basi, hilo lilitosha. Hapa tunajuana wote, na mke wa mchungaji kila mtu amemwona.

Kisha goti likamkatalia. Hakuweza tena kubeba mizigo wala kusimama juani kutwa nzima. Mwanawe Joyness, anayefanya kazi Mwanza, akamwekea kwenye simu programu ya kuuzia nguo. Inaitwa Kabati Letu. Unapiga picha ya nguo, unaandika maelezo, na mtu wa Tabora au Dodoma anainunua bila kukuona. Clotilda alifurahi sana. Meza yake ya gulioni akampa jirani yetu Agness. Agness akaikalia siku hiyohiyo, na mpaka leo hajainuka.

Sasa nilimwona Clotilda anavuka barabara huku anachechemea. Mkono mmoja ulishika simu, mwingine ulishika miwani, na lile koti alilibeba begani.

"Wifi, hebu nisomee hii. Labda nimesoma vibaya."

Hakuwa amesoma vibaya. Ujumbe ulitoka kwa wenye programu. Ulisema: "Ndugu muuzaji, tumepokea malalamiko mawili kwamba nguo zako hazilingani na maelezo. Tukipokea la tatu, duka lako litafungwa."

"Watanifungia," alisema Clotilda. "Na meza nilishaitoa. Goti ndilo hili unaliona. Nitakaa ndani nikitazama ukuta mpaka lini?"

Nilimwonea huruma kweli. Huruma hiyo ilidumu mpaka nilipofungua duka lake kwenye simu na kuanza kusoma.

"Gauni zuri sana. Saizi ya mke wa mchungaji wa Kibimba."

"Suruali ya kiume, imara. Inamtosha Wiston akiwa hajala."

"Sketi nzuri ya kitambaa kizito. Inamtosha Generoza fundi, na anakaa bila shida."

Hiyo ya mwisho niliisoma mara mbili. Chini yake paliandikwa kwamba watu sitini na wanne walikuwa wameitazama. Watu sitini na wanne, nisiowajua, wameelezwa habari za makalio yangu!

"Clotilda!"

"Nini sasa?"

"Umenitangaza nchi nzima!"

"Nimekutangaza wapi? Nimeandika kwamba unakaa bila shida. Kwani uongo?"

Nilivuta pumzi. Nilihesabu vifungo kwenye kopo langu mpaka hasira ikapungua kidogo. Kisha nikamuuliza taratibu, "Wifi, huyu mtu wa Tabora ananijua mimi?"

"Hakujui."

"Anamjua mke wa mchungaji wa Kibimba?"

"Atamjulia wapi?"

"Sasa atajuaje kama gauni litamtosha?"

Clotilda alifikiri. "Si aulize," alisema.

Jamani! Nilitamani kuuma kitambaa. Nikalichukua lile koti lililorudi, nikaingiza mkono mfukoni. Vidole vyangu vikatokea upande wa pili.

"Mfuko umechanika. Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukuandika?"

"Gulioni mtu analigeuza koti mwenyewe," alijibu, na yeye sasa alikuwa amekasirika. "Anaingiza mkono, anavuta zipu, ananusa. Macho anayo, mikono anayo. Mimi muuzaji nianze kuisema vibaya nguo yangu? Wapi uliona hayo?"

"Gulioni ni sawa. Lakini huyu yuko Mwanza! Mikono yake haifiki hapa. Anachojua ni kile unachomwambia wewe. Ukinyamaza, anafungua kifurushi na kukuta tundu. Hapo hasemi koti limechanika. Anasema Clotilda ni tapeli."

Neno hilo lilimuuma, nikaona. Clotilda hajawahi kumdhulumu mtu. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, akasugua goti lake.

"Basi nitaandika lebo," alisema baada ya muda. "Nguo zote zina namba shingoni au kiunoni. Wazungu wenyewe wameandika. Hapo hamtanisumbua tena."

"Lebo inadanganya."

"Wifi, wewe unabishana na kila kitu!"

Nilimtuma alete suruali tatu zenye namba moja. Alileta tatu, zote zimeandikwa 34. Nikafunga vifungo vyake, nikazilaza mezani, nikavua futi shingoni. Futi ni ule utepe wetu mafundi wa kupimia. Nikapima kiuno cha kila moja, upande mmoja hadi mwingine, nikazidisha mara mbili. Ya kwanza ilikuwa sentimita 84. Ya pili, 88. Ya tatu, 93.

Clotilda aliinama, akazitazama kwa karibu. "Si zote ni 34?"

"Kila nchi ina namba zake, na kila kiwanda kina fundi wake. Halafu hii ya kwanza ilifuliwa kwa maji ya moto huko ilikotoka, ikasinyaa. Hii ya tatu, tazama mshono. Kuna mtu aliifumua akaipanua. Lebo haijui hayo yote. Futi inajua."

Nilidhani nimeshinda. Kisha nikaona uso wake unabadilika.

"Wifi," alisema kwa sauti ndogo. "Kuna gauni limeshaondoka."

"Gauni gani?"

"Alilochukua Bulugu sasa hivi. Linakwenda Dodoma."

"Kwa nani?"

"Dada mmoja, Recho. Ana harusi ya mdogo wake Jumamosi."

"Yeye aliuliza saizi?"

Alinipa simu. Recho aliuliza, tena aliuliza mara mbili. Aliandika hivi: "Habari dada. Kifua changu ni sentimita 101. Gauni hilo lina ngapi?" Na Clotilda alimjibu: "Usijali, litakukaa tu. Ni saizi ya wifi yangu."

Nilisimama. Nilikaa. Nilisimama tena. Kifua changu nakijua mwenyewe, hakifiki huko hata kidogo.

"Mpigie Bulugu!"

Simu iliita mpaka ikakatika. Alipiga tena. Mara ya tatu Bulugu akapokea, na tukasikia kelele za gulio nyuma yake.

"Bulugu, uko wapi? Usiende!" Clotilda alipiga kelele.

"Sijaenda, mama. Nakula nyama hapa."

Sijawahi kulishukuru tumbo la mtu kama siku hiyo. Dakika kumi baadaye Bulugu alikuwa barazani, mdomo bado una mafuta.

"Lakini mkumbuke, nikichelewa, ofisi ya basi inafungwa," alisema. "Mwisho wangu saa nane."

Ilikuwa saa sita na nusu. Tulifungua kifurushi. Nilimpa Clotilda futi.

"Pima," nilimwambia.

"Pima wewe. Wewe ndiye fundi."

"Mimi si muuzaji. Kesho nikienda Rusumo kununua nyuzi, nani atakupimia? Pima mwenyewe."

Akaliweka gauni mapajani, akavuta futi juu ya mikunjo. "Kumi na nane," alisema.

"Kumi na nane! Hilo ni gauni la kuku? Umesoma upande wa inchi. Geuza futi. Na usipimie mapajani. Lilaze mezani, linyooshe kwa kiganja, lakini usilivute. Haya. Sasa toka kwapa hadi kwapa."

Ulimi wake ulitoka nje kidogo, kama wa mtoto anayejifunza kuandika. "Arobaini na sita."

"Hiyo ni mbele tu. Mtu ana mgongo pia. Zidisha mara mbili."

"Tisini na mbili." Akatazama simu. "Na yeye ni mia moja na moja."

"Ehee."

"Lingempasukia kanisani, wifi."

"Lingempasukia. Na lalamiko la tatu lingekuwa hilo."

Bulugu aliguna, akatazama saa yake. Clotilda alishika simu muda mrefu bila kuandika kitu. Nilijua alichokuwa anaogopa. Miaka tisa hakuwahi kumwambia mteja kwamba nguo haimfai.

"Akikasirika je?"

"Akasirike sasa. Ni nafuu kuliko akasirike Jumamosi akiwa amevaa khanga harusini."

Akaandika, herufi moja moja: "Dada Recho, nisamehe. Nilikujibu bila kupima. Leo nimepima. Gauni lina kifua 92. Halitakutosha. Sijalituma."

Tulisubiri. Nilirudi kwenye zipu ya ile sketi ya shule, nikaiweka kinyume, nikaifumua. Mteja aliyekuja kuichukua alinitazama usoni, akaamua kurudi baadaye. Kisha simu ikalia.

"Asante kwa kusema ukweli," Recho aliandika. "Je, una lingine la bluu linalonitosha? Muda umeniishia."

Clotilda alinishika mkono. "Mia moja na moja ni nani, wifi?"

"Si mtu. Ni namba!"

"Kwangu namba haina sura. Nitajie mtu, nikutolee gauni sasa hivi."

Yaani baada ya yote hayo! Nilitaka kumfukuza barazani. Lakini saa saba ilikuwa imeshapita. Nilitoa daftari langu la vipimo. Daftari la fundi halionyeshwi mtu, kwa hiyo nilifunika kurasa kwa kiganja, nikatafuta peke yangu. Kifua 101.

"Agness," nilisema. "Na usimwambie kwamba nimekwambia."

"Agness!" Uso wake ukang'aa. "Si ungesema tangu mwanzo!"

Alivuka barabara na goti lake bovu upesi kuliko nilivyotarajia. Sikuwa nimemaliza hata kutunga uzi kwenye sindano. Alirudi na gauni moja tu la bluu, mikono mirefu, kola ndogo. Hakuleta mawili ya kujaribu. Akalilaza mezani, akalinyoosha kwa kiganja, akasoma upande wa sentimita.

"Hamsini na tatu. Mara mbili, mia moja na sita. Dada ni mia moja na moja. Inabaki nafasi ya kupumua."

Nilipima tena mwenyewe. Nilitafuta kosa kwa bidii, halikuwepo. Sikumsifu, maana nilikuwa bado nimekasirika kwa ajili ya sketi.

"Pima na kiuno, na nyonga, na urefu kuanzia begani hadi kwenye pindo," nilisema. "Andika vyote. Halafu ligeuze. Kagua kila mahali kama vile wewe ndiye mnunuzi gulioni."

Aliligeuza. Kwenye mkono wa kushoto kifungo kimoja hakikuwepo. Akalikunja haraka.

"Hataona," alisema.

Nilimtazama tu.

"Haya, haya," alisema, akalikunjua. "Naandika."

Picha zake za zamani zilikuwa kituko. Nguo zilitundikwa kwenye uzio, na katika picha moja miguu ya kaka yangu Wiston ilionekana chini ya gauni. Mara hii tulitandika shuka jeupe mahali penye mwanga, lakini si kwenye jua kali linalopotosha rangi. Alipiga picha ya mbele, ya nyuma, na ya lebo. Ya nne alisogeza simu karibu na mahali pasipo na kifungo, akaweka kidole pembeni ili paonekane vizuri. Akatuma zote pamoja na vipimo.

Recho alijibu kabla hatujakunja shuka. "Kifungo nitashona mwenyewe. Hilohilo. Litume."

Saa nane kasoro dakika tano Bulugu aliwasha pikipiki.

"Huu nao usiludi," alisema, akaondoka na vumbi lake.

Wiki hiyo ilikuwa ndefu. Kila siku Clotilda alikuja barazani kuniuliza kama nadhani limefika. Nilimwambia mimi si kondakta. Siku hizo za kusubiri alinisumbua, lakini hakukaa bure. Alitoa nguo zote kutoka duka lake la simu, akazipima moja baada ya nyingine, akaandika upya. Yenye doa aliandika ina doa. Iliyopauka aliandika imepauka. Kila mara alinung'unika kwamba watu wa mjini wanadeka. Niliposema naomba futi yangu, alisema bado kidogo.

Jumatatu ikafika. Clotilda alikuwa barazani kwangu tangu asubuhi, amekalia kigoda cha wateja, na wateja wamesimama. Pikipiki ikasimama.

"Bulugu! Umerudi na nini?"

"Sijaludi na kitu, mama."

"Tazama vizuri kwenye begi."

Bulugu alifungua begi, akaligeuza juu chini. Halikuwa na kitu. Clotilda akafunika uso kwa mikono miwili, na mabega yakamtikisika. Sikujua kama analia au anacheka. Nilimwekea mkono mgongoni. Duka lilikuwa bado wazi.

Jioni hiyo Recho alituma picha. Alikuwa amesimama kati ya ndugu zake, amevaa bluu, anacheka. Kwenye mkono wa kushoto kulikuwa na kifungo kipya, hakikufanana kabisa na vingine. Chini aliandika: "Limenikaa vizuri. Nimewaambia dada zangu wote kuhusu duka lako."

Clotilda aliitazama picha muda mrefu. "Umeona?" alisema. "Agness kabisa."

Sasa imepita miezi miwili. Hakuna kifurushi kilichorudi. Clotilda anauza akiwa amekaa, goti lake liko juu ya mto. Kwenye duka lake hakuna tena mke wa mchungaji wala Wiston asiyekula. Kuna namba tu, na picha za kila kasoro. Futi yangu hajairudisha. Nimenunua nyingine.

Juzi mteja hakuwepo, nikafungua Kabati Letu. Nikaiona ile sketi ya kitambaa kizito. Ilikuwa haijauzwa. Maelezo yalisomeka hivi: "Kiuno 82. Nyonga 114. Urefu 71. Pindo limefumuka kidogo nyuma, tazama picha ya nne." Hapakuwa na jina la mtu. Nikasoma namba tena. Nilizijua hizo namba. Ziko kwenye daftari langu, ukurasa wa kwanza, penye vipimo vya sketi zangu mwenyewe.

Nikabonyeza kitufe cha kununua. Ng'ambo ya barabara nilisikia Clotilda akicheka peke yake. Hakuniita. Aliifunga sketi vizuri, akaandika jina langu juu, akampa Bulugu. Bulugu akavuka barabara kwa miguu, akanikabidhi kifurushi bila kucheka.

Nilishona lile pindo, nikaivaa palepale. Kisha nikarudi kwenye cherehani yangu, nikakaa bila shida.